Moja ya Saba ya Pointi: Namna ya Kuzisoma Rekodi za Langalanga

Tarehe 17 Julai 1954, katika uwanja wa mbio za magari wa Silverstone nchini Uingereza, watunza saa walikuwa wakipekua karatasi zao wakitafuta jina moja tu: la dereva aliyekimbia mzunguko wa kasi kuliko yote siku ile. Enzi hizo mzunguko wa kasi ulikuwa na zawadi yake, pointi 1, na pointi hiyo iliingia kwenye hesabu ya ubingwa wa dunia. Badala ya jina moja walipata 7. José Froilán González, Mike Hawthorn, Stirling Moss, Onofre Marimón, Juan Manuel Fangio, Alberto Ascari na Jean Behra walikuwa wameandikiwa muda uleule, dakika 1 na sekunde 50. Hapakuwa na njia ya kuwatenganisha, basi pointi ikakatwa vipande 7 na kila mmoja akaondoka na kipande chake.

Ndiyo maana ukifungua hesabu ya maisha ya Fangio, bingwa wa dunia mara 5, unakuta jumla ya pointi 277 na 9/14. Msomaji anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani mchapaji amekosea. Hajakosea. Ile 9/14 ni nusu ukijumlisha na moja ya saba. Nusu ilitoka Uswisi mwaka 1953, ambako Fangio na Felice Bonetto waligawana gari lililomaliza la 4 na hivyo wakagawana pointi zake 3. Moja ya saba ndiyo ile ya Silverstone.

Nimeanza na sehemu hiyo ndogo kwa sababu inafungua mlango wa mjadala mkubwa. Kila msimu wa Formula 1 unapokolea, magari haya tunayoyaita langalanga yanarudi vijiweni na kwenye makundi ya simu, na watu wanatupiana namba za ushindi: 105 za Lewis Hamilton, 91 za Michael Schumacher, 24 za Fangio. (Langalanga, kwa wasiojua, ni pia jina la mahali karibu na Gilgil, Kenya, palipokuwa na uwanja wa mbio za magari enzi za ukoloni.) Namba zote hizo ni za kweli. Shida ni kwamba kila moja imezaliwa na kanuni za siku yake, na anayeibeba namba akaiacha kanuni anabeba ganda.

Tuanze na saa, kwa kuwa ndiyo inayodhaniwa haina upendeleo.

Saa za Silverstone mwaka ule zilitoa sekunde nzima tu. Mzunguko wa uwanja ulikuwa na urefu wa kilomita 4.7 hivi, na kwa muda wa dakika 1 na sekunde 50 gari lilikuwa likila wastani wa mita 43 kila sekunde. Maana yake, kati ya wale 7 walioandikwa sawa, mmoja angeweza kuwa mbele ya mwingine kwa urefu wa mabasi matatu na bado karatasi ikawaona ndugu mapacha. Kumbe hawakuwa sawa. Saa ndiyo iliyokuwa na macho mafupi.

Sasa linganisha na Jerez, Hispania, mwaka 1997, katika mbio za mwisho za msimu. Wakati wa kutafuta nafasi za kuanzia, Jacques Villeneuve alizunguka kwa dakika 1 na sekunde 21.072. Schumacher akaja naye: 1:21.072. Dakika zikiyoyoma, Heinz-Harald Frentzen akavuka mstari, na ubao ukaonyesha 1:21.072. Hapa saa ilikuwa ya kompyuta, inayokata sekunde moja vipande 1,000. Katika kipande kimoja cha namna hiyo, gari kwa mwendo ule husafiri sentimita 5 na kitu. Watu watatu wameendesha kilomita 4.4 kila mmoja kwa wakati wake, na tofauti yao haifiki upana wa kiganja. Kanuni ilisema aliyetangulia kuweka muda ndiye atangulie kupangwa, kwa hiyo Villeneuve akaanza wa kwanza, Schumacher wa pili, Frentzen wa tatu. Mwaka 2024 huko Kanada jambo lilijirudia kwa wawili: George Russell na Max Verstappen, wote 1:12.000, na Russell akapewa nafasi ya mbele kwa sababu ndiye aliyetangulia.

Katikati ya miaka hiyo ya Silverstone na Jerez pana Monza, Italia, na hapa ningependa tukae kidogo.

Monza ya mwaka 1971 haikuwa na zile kona za kupunguza mwendo zilizopo leo. Dereva alikuwa akikanyaga mafuta muda mwingi, na gari lililokuwa nyuma lilipata nafuu kubwa: lile la mbele linapasua hewa, la nyuma linateleza ndani ya upenyo uliobaki, linakusanya mwendo, kisha linachomoka na kupita. Likishapita, linakuwa lenyewe ndilo la kupasua hewa, na aliyepitwa anamlipa kwa sarafu ileile. Ndiyo maana kundi halikutawanyika kwa mizunguko yote 55. Katika kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho, Peter Gethin alijipenyeza ndani akiwa na gari lake la BRM, akatoka mbele ya Ronnie Peterson, na wakavuka mstari karibu bega kwa bega. Tofauti ilikuwa sekunde 0.01. Kutoka wa kwanza hadi wa tano, Peterson, François Cevert, Mike Hailwood na Howden Ganley wakifuatana nyuma ya Gethin, kulikuwa na sekunde 0.61. Gethin hakushinda tena mbio za ubingwa wa dunia maishani mwake.

Vitabu vya rekodi vinasema huo ndio umaliziaji wa karibu kuliko wote. Wa pili ni Indianapolis, Marekani, mwaka 2002, ambako Rubens Barrichello alimpita Schumacher, mwenzake wa Ferrari, kwa sekunde 0.011. Soma namba hizo mbili polepole. Monza walipima kwa vipande 100 vya sekunde. Indianapolis walipima kwa vipande 1,000. Ile 0.01 ya Monza inaweza kuwa imeficha 0.006, na inaweza vilevile kuwa imeficha 0.014. Kwa mwendo wa kilomita 250 kwa saa, sekunde 0.01 ni takriban sentimita 70, na ndani ya sentimita hizo mshindi halisi wa rekodi hii amezikwa. Gethin ndiye anayeishikilia kwa mujibu wa karatasi, na sina nia ya kumnyang'anya. Ila anayeitamka kana kwamba imepimwa kwa rula ileile ya Indianapolis anasema zaidi ya kile saa ilichosema.

Rekodi nyingine ya siku hiyohiyo nusura iwe ya milele. Wastani wa mwendo wa Gethin ulikuwa kilomita 242.615 kwa saa. Mwaka uliofuata Monza ikawekewa vizuizi vya kupunguza mwendo, kwa hiyo magari ya baadaye yalilazimika kuwa bora zaidi ili yafikie tu pale walipofika wale wa 1971. Ilichukua miaka 32. Schumacher alifikisha 247.585 mwaka 2003, na Verstappen akavuka 250 mwaka 2025, palepale Monza.

Baada ya saa, pointi, na huku ndiko kwenye mkanganyiko mkubwa kuliko kote.

Mwaka 1950 ubingwa wa dunia ulipoanza, mshindi alipata pointi 8, na waliolipwa walikuwa watano wa mwanzo pamoja na mwenye mzunguko wa kasi. Mwaka 1961 ushindi ukawa 9. Mwaka 1991 ukawa 10. Tangu 2010 ni 25, na wanaolipwa ni 10. Ukiambiwa kwamba hadi mwisho wa msimu wa 2024 Hamilton alikuwa na pointi 4,862.5 na Schumacher alistaafu na 1,566, usikimbilie kusema mmoja ni mara tatu ya mwenzake. Chukua ushindi 91 tu wa Schumacher, uulipe kwa bei ya leo ya 25, uache nafasi zake zote za pili na za tatu: tayari una 2,275. Ni kama kulinganisha mshahara wa babu na wa mjukuu bila kuuliza kilo ya sukari ilikuwa bei gani.

Lakini bei si kitu cha kutisha kama kanuni ya kutupa. Kwa miaka 40, dereva hakuruhusiwa kuhesabiwa kila alichovuna. Walichukua matokeo yake bora ya idadi fulani, na mengine wakayafuta. Sababu ilieleweka: magari yalikuwa yakiharibika ovyo, na ilionekana si haki mtu apoteze ubingwa kwa sababu ya bomba la mafuta. Mwaka 1988 kanuni hiyo ilifanya jambo ambalo mashabiki wa Alain Prost hawajalisahau.

Msimu ule timu ya McLaren, yenye Prost na Ayrton Senna, ilishinda mbio 15 kati ya 16. Prost alishinda 7 na kumaliza wa pili mara 7. Hebu rudia hapo: kila alipofika mwisho, alikuwa wa kwanza au wa pili. Jumla, pointi 105. Senna alishinda 8, akawa wa pili mara 3, wa nne mara 1 na wa sita mara 1. Jumla, 94. Kanuni ikasema yahesabiwe matokeo 11 bora. Kwa Senna, 11 bora ni ushindi 8 na nafasi za pili 3: pointi 90, amepoteza 4 tu. Kwa Prost, 11 bora ni ushindi 7 na nafasi za pili 4. Nafasi nyingine tatu za pili zikatupwa na pointi 18 zikaenda nazo. Akabaki na 87. Bingwa akawa Senna.

Je, Prost alidhulumiwa? Mimi nasema hapana. Kanuni ilijulikana kabla ya mbio za kwanza, na ilikuwa ikimwambia kila dereva kwamba baada ya kukusanya matokeo ya kutosha, nafasi ya pili haina thamani, nenda ukashinde. Senna aliendesha kwa kanuni hiyo. Ila jedwali linaloonyesha 90 kwa 87 bila maelezo linamficha mtu aliyevuna 105.

Ile mbio moja iliyowaponyoka McLaren ilikuwa Monza, tarehe 11 Septemba. Prost alikuwa ameshatoka kwa injini kuharibika. Senna alikuwa akiongoza, imebaki mizunguko miwili, akataka kumpita Jean-Louis Schlesser wa Williams aliyekuwa nyuma kwa mzunguko mzima. Wakagongana. Gerhard Berger akashinda na Michele Alboreto akawa wa pili, wote wawili wakiwa na Ferrari, mbele ya Waitaliano waliokuwa bado kwenye msiba: Enzo Ferrari, mwanzilishi wa timu hiyo, alikuwa amefariki tarehe 14 Agosti, wiki nne kamili kabla ya siku hiyo. Mwaka 2023 Red Bull walishinda 21 kati ya 22, asilimia iliyoizidi ya McLaren, na wao waliteleza Singapore, Carlos Sainz wa Ferrari akashinda.

Prost alikuwa ameshaonja uchungu wa hesabu kabla ya hapo, na safari ile kisu kilikuwa cha nusu pointi. Mwaka 1984 mbio za Monaco zilipigwa na mvua nzito. Yeye alikuwa akiongoza, nyuma yake kijana Senna akija kwa kasi ndani ya gari dogo la Toleman. Baada ya mizunguko 31 bendera nyekundu ikatoka, mbio zikakatishwa, na kwa kuwa hazikufika mbali, pointi zikakatwa nusu. Prost akapewa ushindi na pointi 4.5. Mwisho wa msimu alikuwa na ushindi 7 na pointi 71.5. Niki Lauda alikuwa na ushindi 5 na pointi 72. Kama mvua ingewaachia wafike mwisho, na hata kama Senna angempita, nafasi ya pili ingempa Prost pointi 6 na ubingwa.

Nusu ileile iliyomnyima Prost ndiyo iliyomwandika Lella Lombardi kwenye historia. Mwaka 1975, katika bustani ya Montjuïc mjini Barcelona, gari la Rolf Stommelen lilikatika bawa la nyuma, likaruka kizuizi na kuua watu. Mbio zikasimamishwa na pointi zikakatwa nusu. Lombardi, Mwitaliano, alikuwa wa 6, nafasi yenye pointi 1, akapata 0.5. Hadi leo hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kupata pointi katika ubingwa wa dunia wa Formula 1, na rekodi hiyo ilizaliwa siku ya msiba.

Cha ajabu ni kwamba pointi hukatwa nusu, ila ushindi haukatwi. Spa, Ubelgiji, mwaka 2021, mvua ilikuwa mbaya kiasi kwamba magari yalitoka tu yakifuata gari la usalama, yakarudi, na matokeo yakachukuliwa mwishoni mwa mzunguko wa kwanza. Muda rasmi wa mshindi ulikuwa dakika 3 na sekunde 27. Verstappen alipewa pointi 12.5, lakini kwenye orodha ya ushindi iliandikwa 1 kamili. Jenson Button naye ana 1 kamili ya Kanada 2011, mbio zilizochukua saa 4 na dakika 4 pamoja na kusimama kwa mvua. Aliingia piti, yaani kituo cha kuhudumia magari pembeni mwa njia, mara 6, akawahi kuwa wa mwisho, kisha katika mzunguko wa mwisho akambana Sebastian Vettel hadi akateleza, akampita. Kwenye jumla, siku hizo mbili zina uzito mmoja.

Na ushindi 105 wa Hamilton? Wa mwisho kati ya hizo ulikuja Spa mwaka 2024 saa kadhaa baada ya bendera kushushwa. Aliyevuka mstari wa kwanza alikuwa Russell. Gari lake lilipopimwa likakutwa na upungufu wa kilo 1.5 chini ya uzito unaotakiwa, akafutwa, na Hamilton akapandishwa.

Hata ushindi 24 wa Fangio una mambo yake. Miaka ya 1950 dereva aliruhusiwa kumpisha mwenzake kwenye gari katikati ya mbio, na wote wawili wakaandikiwa matokeo. Huko Reims, Ufaransa, mwaka 1951, gari la Fangio lilipoleta matatizo timu ilimwita Luigi Fagioli aingie piti, akateremshwa, Fangio akapanda na kushinda. Fagioli alikuwa na umri wa miaka 53 na siku 22, na mpaka leo ndiye mshindi mzee kuliko wote katika historia ya mashindano haya. Alikasirika na hakushiriki tena mbio za ubingwa wa dunia. Mtu anabeba rekodi ya siku aliyoteremshwa garini.

Monza mwaka 1956 mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Gari la Fangio liliharibika usukani. Luigi Musso hakukubali kumpisha. Peter Collins, kijana wa miaka 24 aliyekuwa na nafasi yake mwenyewe ya kuwa bingwa, aliingia piti, akaona hali ilivyo, akashuka na kumkabidhi Fangio gari lake. Fangio akamaliza wa pili na kuwa bingwa kwa mara ya 4. Collins hakuupata ubingwa kamwe; alifariki kwenye ajali ya Nürburgring mwaka 1958. Jedwali la 1956 linamwonyesha wa tatu.

Ukitaka kulinganisha kwa haki zaidi, gawa ushindi kwa mbio alizoanza mtu. Msimu wa 1950 ulikuwa na mbio 7, wa 2024 ulikuwa na 24. Anayekimbia leo anapata katika miaka miwili mbio nyingi kuliko alizopata Ascari maisha yake yote. Kwa njia hiyo Fangio, mbio 51 na ushindi 24, ana asilimia 47. Ascari, 13 kati ya 32, anakaribia 41. Jim Clark, 25 kati ya 72, karibu 35. Hadi mwisho wa 2024, Hamilton, Schumacher na Verstappen wote walikuwa wakizunguka kwenye 30. Hesabu hii naipenda kuliko ya jumla, ingawa nayo inadanganya kwa upande wake: Fangio alishindana na uwanja wenye magari machache mazuri na alikuwa na uhuru wa kuhama kwenda timu yenye gari bora, na alihama kweli.

Upande wa pili wa mizani ni uimara wa magari. Monaco mwaka 1996 magari yaliyovuka mstari yakiwa yanakimbia yalikuwa 3 tu, na Olivier Panis aliyeanza wa 14 akaondoka na ushindi wake pekee. Valencia mwaka 2011 yalianza magari 24 na yakamaliza yote 24. Bingwa wa zamani alikuwa akishindana na wenzake pamoja na chuma chake mwenyewe, na kila ushindi aliouandika ulikuwa umepita kwenye tundu la sindano. Bingwa wa leo hapati msaada huo wa wapinzani kuharibikiwa. Ili ashinde lazima awapite wote.

Kuna pia swali ambalo watu hawaliulizi: ni mbio zipi hasa tunazihesabu? Kuanzia 1950 hadi 1960, mashindano ya Indianapolis 500 ya Marekani yaliwekwa kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia, ingawa madereva wa Ulaya hawakwenda isipokuwa wachache sana. Na mwaka 1952 na 1953 ubingwa wa dunia uliendeshwa kwa magari ya Formula 2, daraja la chini yake, kwa kuwa ya Formula 1 yalikuwa hayatoshi. Sasa chukua rekodi ya ushindi mfululizo. Ascari alishinda mara 9 mfululizo kati ya 1952 na 1953, rekodi iliyosimama peke yake hadi Vettel alipoifikia mwaka 2013 na Verstappen akaivuka kwa 10 mwaka 2023. Lakini mfululizo wa Ascari ulikatwa na Indianapolis ya 1953 ambayo hakushiriki; ukiihesabu, anabaki na 7. Na zote 9 alizishinda kwa gari ambalo halikuwa Formula 1. Wanahistoria wengi humhesabia 9, nami ninakubaliana nao, kwa sababu katika kipindi hicho alishinda kila mbio aliyoanza.

Schumacher naye ana fumbo lake. Katika mbio zilezile za Jerez 1997 alimgonga Villeneuve wakiwania ubingwa, na baadaye akafutwa kabisa kwenye msimamo wa msimu ule. Ushindi wake 5 wa mwaka huo haukuguswa, umo ndani ya 91.

Bara letu limechangia zaidi ya watu wanavyodhani. Clark aliivunja rekodi ya ushindi 24 ya Fangio huko Kyalami, Afrika Kusini, siku ya mwaka mpya wa 1968. Haikufika miezi minne akawa marehemu, kwenye mbio za Formula 2 huko Hockenheim. Jody Scheckter, bingwa wa 1979, ni Mwafrika Kusini na ndiye bingwa pekee kutoka Afrika. Lakini siku iliyonigusa kuliko zote ni ya Morocco, tarehe 19 Oktoba 1958, katika uwanja wa Ain-Diab pembeni mwa Casablanca, mara moja tu ambapo Morocco iliandaa mbio za ubingwa wa dunia.

Ili kuielewa inabidi turudi nyuma hadi Agosti, mjini Porto, Ureno. Moss alishinda, Hawthorn akawa wa pili. Inasimuliwa kwamba timu ya Moss ilimwonyesha kibao kumjulisha kuwa Hawthorn ameweka mzunguko wa kasi, yaani rekodi, naye akakisoma vibaya akidhani Hawthorn anakwenda kawaida tu. Hakuongeza mwendo, na ile pointi 1 ikabaki kwa Hawthorn. Kisha waamuzi wakataka kumfuta Hawthorn kwa kosa la kwenda kinyume na mwelekeo wa mbio, kwa sababu gari lake lilizimika na akalisukuma literemke ili liwake. Aliyesimama kumtetea alikuwa Moss. Aliwaambia kwamba Hawthorn alilisukuma gari pembeni, kwenye njia ya waenda kwa miguu, hakuwa barabarani. Hawthorn akarudishiwa pointi zake 7.

Casablanca Moss alifanya kila alichotakiwa kufanya: alishinda na akachukua mzunguko wa kasi. Phil Hill wa Ferrari akampisha Hawthorn apande hadi nafasi ya pili, ambayo ndiyo aliyoihitaji. Hesabu ikafungwa kwa 42 kwa 41. Hawthorn alikuwa na ushindi 1 msimu mzima, Moss 4. Nimepiga hesabu ile upya kwa kanuni ya mwaka ule, ya matokeo 6 bora. Bila pointi za Porto, hata ukimrudishia Hawthorn tokeo bora kati ya yale yaliyotupwa, anabaki na 39. Na kama Moss angekisoma sawasawa kile kibao na kuuchukua mzunguko wa kasi, hesabu ingekuwa 42 kwa 41 vilevile, ila majina yangebadilishana nafasi.

Stuart Lewis-Evans, mwenzake Moss katika timu ya Vanwall, aliungua vibaya kwenye ajali siku hiyo na kufariki siku chache baadaye. Hawthorn alistaafu akiwa bingwa, na Januari 1959 akafa kwenye ajali ya barabarani Uingereza. Moss alimaliza wa pili kwenye ubingwa wa dunia miaka minne mfululizo, kuanzia 1955 hadi 1958. Aliishi hadi Aprili 2020, akafariki akiwa na miaka 90, ushindi 16 na ubingwa sifuri.